Shangazi Risasi na Besi ya Kaka Yake

Wasiomjua wakisikia anaitwa Shangazi Risasi hudhani aliwahi kuwa askari. Hakuwa. Risasi yake ni ile laini inayoyeyushwa kwa chuma cha moto ili kushikisha waya, na alianza kuiyeyusha akiwa na miaka ishirini na mmoja, katika kiwanda cha kuunganisha redio. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye stuli ileile, akilehemu sehemu zilezile kumi na nne kwenye ubao mdogo wa kijani, kisha ubao unasogezwa kwa jirani na mwingine unaletwa. Siku kiwanda kilipofungwa wenzake walilia langoni. Yeye alikwenda nyumbani akalala siku mbili, na alipoamka vidole vyake vilikuwa bado vinacheza juu ya shuka, vinatafuta waya.

Jina la shangazi lilitoka kwa watoto wa kaka yake, waliokuwa wakipita kumsalimia baada ya shule. Fundi cherehani wa meza ya jirani akalidaka, wapangaji wa juu wakalidaka, na sasa hata watu waliomzidi umri humwita hivyo. Meza yake iko kwenye korido ya chini ya jengo la ghorofa tatu, kati ya ngazi na mlango wa stoo. Jua halifiki hapo, lakini vumbi linafika bila shida. Anatengeneza feni, pasi, birika za umeme na redio za wale wachache ambao bado wanazo. Akiwa na miaka hamsini na minane, kazi ndogo huifanya akiwa amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, na fundi cherehani humtania kwamba siku akivaa ya tatu ataanza kuona yajayo.

Asubuhi moja ya Jumatatu kaka yake alishuka ngazi tatu za kuingilia koridoni, gitaa la besi mgongoni na mfuko wa plastiki mkononi. Huyu ni kaka yake mkubwa, wa tumbo moja. Kwenye bendi anaitwa Nguzo, kwa sababu kwa miaka thelathini na mitano amesimama mahali pamoja, kando ya ngoma, bila kucheza wala kutabasamu, huku wengine wakirukaruka mbele. Dada alimwamkia, wakaulizana habari za nyumbani, kisha Nguzo akalilaza gitaa juu ya meza, katikati ya pasi mbili zilizofunguliwa.

“Nataka unibadilishie pikapu,” alisema.

Fundi cherehani aliinua kichwa akauliza kama Shangazi siku hizi ameingia na kwenye magari. Ikabidi aelezwe kwamba pikapu za gitaa ni zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, zinazokaa chini ya nyuzi na kuugeuza mtikisiko wake kuwa umeme. Akasema sawa, akarudi kwenye suruali yake.

Nguzo alieleza shida. Kwa mwaka mzima sasa, sauti ya besi yake ilikuwa imeingia chini ya blanketi. Mngurumo ulikuwepo, lakini ile ncha ya sauti, pale kidole kinapouachia uzi, imepotea. Ameongeza toni mpaka mwisho, ameongeza volyumu, na wenzake wamebaki kumlalamikia kwamba anawapasua vichwa. Basi amenunua pikapu mbili mpya, vizungushio vitatu vya sauti, yaani volyumu mbili na toni moja, na tundu jipya la kuchomekea waya. Vyote vimo kwenye mfuko. Kilichobaki ni mkono wa dada yake.

Shangazi Risasi aliutazama ule mfuko akahisi mabega yakimshuka. Kazi yenyewe haikumtisha. Alichokuwa amekichoka ni kuwa mtu wa kuletewa. Kiwandani walimwambia wewe ndiye mwenye mkono mwepesi, wakampa mbao zilizowashinda wengine. Mama yao alipougua, kaka alisema wewe ndiye unayejua kumhudumia, akaenda zake safari na bendi. Miaka minne Shangazi alimwogesha mama, akamgeuza, akamlisha. Nguzo alikuja Jumapili na matunda, akakaa nusu saa akiangalia saa ya mkononi. Mama alizikwa, maneno hayakusemwa, na mwaka baada ya mwaka yaliendelea kutosemwa.

“Liache,” alisema. “Nitaliangalia.”

Alilegeza nyuzi zote nne, akafungua skrubu za kifuniko cha nyuma. Ndani kulikuwa na vumbi jeusi, waya za zamani zilizovikwa kitambaa, na kapasita moja ya kahawia, ndogo kama punje ya dengu. Kabla ya kukata chochote alichora picha ya waya zote nyuma ya kipande cha katoni, kila waya na mahali pake. Hiyo ni adabu aliyotoka nayo kiwandani. Kisha akachukua mita yake ya kupimia umeme akagusisha ncha zake kwenye pikapu ya kwanza.

Nzima. Namba ilitulia pale inapotakiwa kutulia. Akapima ya pili, nayo nzima. Akabadilisha betri ya mita, akapima upya, akapima mara ya tatu. Volyumu moja ilikuwa na uchafu kidogo unaokwaruza ukiizungusha, basi. Gitaa halikuwa na ugonjwa wowote wa kulitia chini ya blanketi.

Mchana Nguzo alipopita kuulizia, dada yake alimwambia hivyo. Nguzo akajibu kwamba mita haijui muziki. Shangazi akamuuliza shida ilianza lini. Kaka akasema nyuzi zilibadilishwa mwezi uliopita, jibu la swali ambalo hakuna aliyemuuliza. Hapo ndipo Shangazi alipogundua kwamba kaka yake hamwangalii machoni. Alikuwa akimwangalia mdomo.

Hali hiyo aliijua, kwa sababu ndivyo mama alivyoanza. Mama alikuwa na redio kando ya kitanda, na katika mwaka wake wa pili wa kuugua alianza kudai kwamba redio imeharibika, watangazaji wanamung’unya maneno. Shangazi aliifungua redio ile, akaisafisha, akairudisha. Mama akasema bado. Akaifungua tena, na tena, ingawa alijua kwamba haina kosa. Hakuwa na moyo wa kumwambia mama kwamba masikio yake ndiyo yanayokwenda. Hivyo mama alikufa akiamini kwamba binti yake, na miaka yake yote ya kiwandani, alishindwa na redio ya kitandani.

Sasa alikuwa na la kusema, lakini siku ile hakulisema. Alijiambia kwamba atafanya kazi kwanza, halafu ataona. Ni uoga wa mtu aliyechoka: unaona heri kubeba mzigo kuliko kueleza kwa nini haubebeki.

Kazi ilimchukua siku mbili. Pikapu mpya zilikuwa nene kidogo kuliko mashimo ya gitaa, ikabidi achonge mbao kwa patasi, kidogo kidogo, akipuliza unga kila baada ya mikwaruzo miwili, mpaka zikaingia bila kulazimishwa. Akafunga volyumu mbili na toni, akazikuna migongo kwa msasa ili risasi ishike, kwa maana chuma chenye utelezi huikataa risasi kama jani la mgomba linavyokataa maji. Mgongo wa volyumu ni chuma kinene, unataka moto mwingi, na huku ukichelewa unaiunguza ndani. Akachukua tofali lililofungwa kitambaa, ambalo huliweka kwa kazi kama hizo, akalaza kiganja juu yake, akashusha pumzi, akagusa, akahesabu kimoyomoyo, akainua. Risasi ilimetameta kisha ikapoa vizuri. Alifanya hivyo mara tisa.

Waya wa mwisho ni ule unaotoka kwenye mgongo wa volyumu, unapita kwenye tundu jembamba ndani ya mbao na kwenda kulala chini ya daraja, kile chuma kinachoshikilia nyuzi. Usipogusa chuma, gitaa huvuma. Jumatano alasiri aliupitisha, akaulaza, akakaza skrubu za daraja. Mgongo ulikuwa unamuwaka. Hakuona kwamba wakati wa kukaza, waya uliteleza pembeni ukabaki kwenye mbao tupu.

Alhamisi asubuhi Nguzo alifika, akavuta stuli, akachomeka waya kwenye amplifaya ndogo ya kujaribia. Shangazi alipoiwasha tu, korido nzima ilijaa mvumo, ziii, mkali, kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Fundi cherehani aliondoa mguu kwenye pedali akageuka. Mpangaji aliyekuwa akipanda ngazi alisimama.

Nguzo alifumba macho akaanza kupiga. Vidole vyake vilitembea polepole, kwa heshima, na chini ya ule mvumo besi ilikuwa inasema vizuri sana. Alipiga muda mrefu. Alipofumbua macho alitikisa kichwa.

“Safi. Ila bado iko chini ya blanketi.”

“Husikii kitu kingine, kaka?”

“Kitu gani?”

Shangazi alizima amplifaya. Kimya kilichofuata alikisikia yeye, akakisikia fundi cherehani. Alivua miwani ya juu, akavua na ya chini.

“Kuna waya nimeukosea, haujagusa,” alisema taratibu, akihakikisha kwamba kaka anauona mdomo wake. “Gitaa linalia mpaka watu wamesimama ngazini. Wewe hukusikia. Kaka, pikapu zako za zamani zilikuwa nzima. Nilizipima mara tatu. Ni masikio.”

Nguzo alimtazama kama mtu aliyemwagiwa maji. Kisha uso ukajikunja.

“Umechoka,” alisema. “Umechoka, umeharibu kazi, sasa unatafuta wa kumtwisha.”

Alichomoa waya, akalitia gitaa mgongoni na mvumo wake, akapanda zile ngazi tatu bila kuaga. Shangazi alibaki amekaa. Lililomchoma ni kwamba nusu ya maneno yale ilikuwa kweli: alikuwa amechoka, na kazi ilikuwa na kosa. Angeweza kumkimbilia, lakini magoti yake yalikwisha kuacha habari za kukimbia. Fundi cherehani alimsogezea kikombe cha chai bila neno, na kwa mtu anayeropoka kama yeye, hilo lilikuwa tendo kubwa.

Jumamosi wifi yake alikuja. Mke wa Nguzo ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa sauti kubwa, ila siku hiyo aliongea chinichini. Alisimulia kwamba mazoezini bendi nzima iliziba masikio. Kiongozi wa bendi alimwambia Nguzo gitaa linavuma, Nguzo akasema wanamwonea wivu kwa pikapu mpya. Basi mpiga ngoma, rafiki yake wa miaka yote, akalichukua gitaa, akamwambia awe anawaangalia wenzake nyuso. Akaiwasha amplifaya, akaizima. Akaiwasha, akaizima. Kila ilipowaka, nyuso zilikunjamana. Nguzo aliona kwa macho kile alichokikosa kwa masikio. Alirudi nyumbani, akafungua televisheni kwa sauti ya juu kama kawaida yake, akaitazama kidogo, kisha akaipunguza mwenyewe.

“Miaka miwili namwita hajibu,” wifi alisema. “Nilidhani ananidharau, wifi. Nimemnunia miaka miwili kwa kosa lisilo lake.”

Halafu akaja kwenye lililomleta. Aliomba Shangazi amchukue kaka yake ampeleke kwa daktari wa masikio, maana mkewe hamsikilizi, watoto hawasikilizi, lakini, alisema, wewe ndiye unayemweza.

Wewe ndiye. Shangazi alitaka kucheka, kicheko kikakataa kutoka.

“Nitakwenda,” alisema. “Lakini na wewe utakuja, wifi. Utaomba ruhusa shuleni. Safari hii siendi peke yangu.”

Wifi alimwangalia kwa mshangao, kama mtu aliyezoea mlango uliokuwa wazi siku zote, leo akaukuta una komeo. Kisha akasema sawa.

Walikwenda watatu, Jumanne. Chumba cha kupimia kilikuwa kidogo, kimevikwa sponji ukutani, na kina dirisha la kioo. Nguzo aliketi ndani, amevalishwa vipokea sauti vikubwa vya masikioni, mkononi kitufe cha kubonyeza kila atakaposikia sauti. Nje, mbele ya mpimaji, taa ndogo ya kijani iliwaka kila sauti ilipopelekwa. Mwanzoni taa ikiwaka, kidole kinabonyeza. Sauti zilipoanza kupanda juu, taa iliwaka, kidole kikatulia. Ikawaka tena. Nguzo alikuwa ameketi wima, mtiifu, kidole gumba tayari, akisubiri kama mwanafunzi anayetaka sana kupata swali. Taa iliwaka mara nyingi. Wifi alimshika Shangazi mkono, na Shangazi akayashusha macho kwenye sakafu.

Daktari alieleza bila kuzunguka. Sauti nene bado anazisikia kwa kiasi. Zile nyembamba za juu zimekwenda, na hazirudi. Ni umri, tena ni miaka thelathini na mitano ya kusimama karibu na visahani vya shaba vya ngoma. Zipo mashine za kuvaa sikioni za kumsaidia katika mazungumzo, na akitaka kuendelea kupiga, lazima azibe masikio yasimalizike.

Wifi aliingia ofisini kujaza fomu za mashine. Ndugu wawili wakabaki kwenye benchi la nje. Nguzo alitazama viatu vyake.

“Mama naye ilikuwa hivi?”

“Mama naye.”

Akamsimulia habari ya redio: alivyoifungua, alivyoifunga, na mama alivyofikiri mpaka mwisho. Aliisimulia kwa ufupi, karibu na sikio la kushoto ambalo lilikuwa afadhali.

“Mbona hukuniambia?”

“Ulikuwa unaangalia saa.”

Hakujitetea. Alisema, “Kweli,” kisha, baada ya watu wawili kupita mbele yao, akasema tena, “Kweli.” Shangazi hakuhisi ule ushindi ambao miaka mingi alikuwa amejiwekea. Alihisi usingizi.

Ule waya wa daraja aliurekebisha wiki iliyofuata, Nguzo aliporudisha gitaa. Skrubu tano, waya kurudishwa mahali pake na kubandikwa usiteleze, skrubu tano. Haikufika robo saa. Alipoiwasha amplifaya korido ilibaki kimya, na fundi cherehani akapiga makofi mawili. Nguzo, huku akicheza na kile kimashine kipya sikioni, aliuliza kama basi zile pikapu za zamani zirudishwe, kwa kuwa zilikuwa nzima. Shangazi alimjibu kwamba kama anataka hivyo akatafute fundi mwingine, na akimpata amsalimie.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko waya. Masikio ya Nguzo hayakuweza tena kuaminiwa kupanga sauti. Angeachwa, angerudi palepale pa kupasua watu vichwa. Kiongozi wa bendi alikuja koridoni, akasimama mwisho kabisa, karibu na mlango wa barabarani. Nguzo akapiga, Shangazi akazungusha volyumu na toni kidogo kidogo, mpaka yule kule mwisho akainua mkono: hapo. Shangazi alichukua rangi ya kucha ya wifi yake, nyekundu, akatia nukta pale kila kishikio kilipofikia. Nguzo azungushe mpaka kwenye nukta, asivuke.

“Unanifanya kama gari la kujifunzia,” alilalamika.

“Gari la kujifunzia linafika.”

Alinuna siku tatu. Siku ya nne alimpigia simu mkewe kutoka mazoezini kumwambia kwamba leo hakuna aliyelalamika, na kwamba haipendi ile nukta, na kwamba ameikuta inafaa. Sauti ya besi yake mwenyewe haisikii kama zamani. Anaisikia kifuani na kwenye nyayo, anautazama mguu wa mpiga ngoma, na yaliyobaki vidole vinayajua.

Mwezi uliofuata bendi ilipiga ukumbini, mchana, kwenye sherehe ya wastaafu. Nguzo alimwalika dada yake. Ilikuwa zaidi ya miaka kumi tangu aende kumsikiliza. Alivaa gauni lake la bluu, akafunga meza mapema, akawekwa kwenye kiti cha mstari wa pili. Bendi ilianza, besi ikaingia, nene na safi, kila noti na ncha yake. Alisikiliza wimbo wa kwanza kama fundi, akitega sikio kwa mvumo, na mvumo haukuwepo. Wimbo wa pili ulipoanza, kichwa chake kililala begani. Alilala nyimbo sita, watu wakicheza kulia na kushoto kwake, na wifi aliukunja mtandio wake akamwekea shavuni.

Nguzo na dada yake walipokuwa wakitoka, kila mmoja ameshika upande wa sanduku la spika, kaka alimuuliza sauti ilikuwaje.

“Sijui, kaka. Nililala.”

Alisimama, akamwomba arudie. Akarudia, kwa sauti zaidi, upande wa kushoto. Nguzo aliuangalia mdomo wake mpaka mwisho kuhakikisha kwamba amesikia sawasawa. Kisha alilishusha sanduku chini, akamwita mpiga ngoma aje washirikiane kulibeba, akamwonyesha dada yake kiti cha mbele kwenye gari la bendi na kumwambia akae.